Mama mkwe amemwaga maziwa yangu, na kazini nimeambiwa nikamulie chooni

Anti, habari yako. Mimi huwa nasoma tu majibu yako kimya kimya lakini leo imenibidi niandike juu nimefika mwisho. Niko na mtoto wa kiume wa miezi miwili na kitu, ndio wangu wa kwanza, na ananyonya tu, hata maji sijawahi mpa. Mimi ni keshia kwa supamaketi moja hapa tauni, tunaishi Umoja, na likizo yangu inaisha wiki mbili zijazo. Kutoka nyumbani ni saa kumi na mbili asubuhi ndio niwahi kabla Jogoo Road haijafunga, kurudi ni saa moja jioni kama Mungu amesaidia, sasa hapo katikati mtoto atakula nini?

Mama mkwe alikuja kutoka ushago kunisaidia na ndiye atabaki na mtoto. Ni mama mzuri, sitaki kumsema vibaya, amenishughulikia tangu nijifungue, supu, njahi, uji, maji moto ya kuoga, yote. Lakini hii maneno ya kukamua hataki kuiskia kabisa. Wiki jana nilikamua usiku nikaweka kwa chupa kwa friji, asubuhi nikashuka kwa mama mboga, kurudi hivi napata chupa iko kwa sinki imeoshwa inang'aa. Nikauliza, mama, maziwa iko wapi? Akaniambia ameimwaga, ilikuwa imeharibika, juu ilikuwa na kitu nzito ya manjano na chini ni kama maji ya mchele, na yeye hawezi mpa mjukuu wake kitu imeoza. Anti nililia. Ile chupa ilinichukua karibu saa nzima na haikuwa hata nusu.

Anasema maziwa ya mama ikishatoka nje ya mwili imekufa, na ati kuiweka kwa friji pamoja na nyama ni kumtafutia mtoto tumbo na kijicho. Plani yake ni nikienda kazi ampe uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe imeongezwa maji, vile alilea wake sita, na wote si wako hai? Hio ndio jibu ya kila kitu. Baba mtoto nikimwambia anasema tu "muelewane".

Kazini nako nilipigia suparavaiza kumuuliza kama kuna mahali naeza kuwa nakamulia, akacheka, akasema kuna choo ya wafanyakazi, tena iko na ndoano ya kutundika pochi. Friji hakuna, ni ile tu ya soda za kuuza.

Halafu shida ingine ni mimi mwenyewe. Nilinunua pampu ya mkono, nikikamua napata kama mililita 40 hivi, na mtandaoni naona wamama wako na friza imejaa mifuko ya maziwa imepangwa safi kama unga kwa shelfu. Mimi friji yangu ni ile ndogo ya mlango mmoja, na tokeni zikiisha usiku ndio hivyo tunalala giza. Nianze tu kumnunulia ya kopo nipumzike ama nifanyeje?

Mama wa Umoja


Mama wa Umoja, pole sana, na hongera ya kijana.

Nianze na hiyo friza ya mtandaoni maana naona ndiyo inakunyima usingizi na haifai hata kidogo. Wewe huhitaji friza imejaa. Unahitaji maziwa ya kesho tu. Utakachokamua kazini Jumatatu ndicho mtoto atakunywa Jumanne, cha Jumanne ni cha Jumatano, inazunguka hivyo hadi siku yako ya ofu. Kwa hivyo hizi wiki mbili unatafuta maziwa ya siku ya kwanza, na kidogo ya dharura kama utachelewa kwa jam, basi. Wale wenye mifuko mia wengine wana maziwa mengi kupita kiasi na hiyo pia ni shida yake, ziwa linajaa kila saa mpaka linauma, sema hiyo hawapigi picha.

Sasa hesabu. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya tu hunywa kwa wastani kama mililita 750 hadi 800 kwa masaa 24, kuna wa chini ya hapo na kuna wa juu. Ukigawa ni karibu mililita 30 kwa kila saa. Wewe uko nje masaa 13, ukimnyonyesha kabla ya kutoka na ukimnyonyesha ukiingia tu, unamwachia kama mililita 400, yaani mara nne za mililita 100 hivi. Na usishangae akinywa chini ya hapo mchana halafu usiku akalipiza, watoto wengi wakishajua mama anarudi jioni wanafanya hivyo, utachoka lakini ni nzuri kwa maziwa yako.

Na hizo mililita 40 zako unazozidharau. Kama unakamua mtoto akiwa ametoka kunyonya, hayo ni mabaki, na mililita 40 za mabaki ni vizuri sana. Pampu haipimi maziwa uliyonayo, mtoto anavuta kuliko mashine yoyote. Ukitaka kujua kama anashiba angalia nepi, zilowe angalau sita kwa masaa 24, na uangalie laini ya kilo kwa kile kitabu cha kliniki kama inapanda. Ikipanda uko na maziwa, mwisho wa mjadala. Kamua mara moja kwa siku, alfajiri, wakati maziwa ni mengi, tena ukiweza mtoto anyonye upande mmoja wewe ukikamua ule mwingine, maziwa yanashuka yenyewe. Mililita 40 kila asubuhi kwa siku kumi ni 400. Si hiyo ndiyo siku yako ya kwanza kazini imekamilika? Hayo ndiyo utagandisha kwa kile kichumba cha barafu cha friji yako, lakini kwa friji ya mlango mmoja usikae nayo zaidi ya wiki mbili, kile kichumba hakigandishi kama friza yenyewe.

Hiyo pampu ya mkono kama inauma ama inavuta chuchu mpaka inakuwa nyeupe, basi ile funeli yake si saizi yako, usivumilie. Na ujue mkono wako mwenyewe unafanya hiyo kazi, tena bure na hauhitaji stima. Nawa mikono na sabuni, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa ziwa dakika kadhaa, lisugue taratibu kutoka juu ukishuka. Halafu kidole gumba juu, vidole viwili chini, si kwa chuchu yenyewe, nyuma yake kidogo kama sentimita mbili ama tatu, sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndio sasa ubonyeze vidole vikutane, uachilie, urudie. Usivute ngozi. Mwanzo yatatoka matone tu na utakasirika, ngoja, baada ya dakika moja ama mbili yanaanza kuruka. Yakipungua zungusha vidole upande mwingine wa ziwa, halafu badilisha ziwa. Kinga na kikombe cha mdomo mpana. Kuna wamama wanaenda na fulana ya mtoto kazini wanainusa wakikamua, usicheke, inasaidia maziwa kushuka.

Kuhusu kukaa kwa maziwa, hii isome vizuri na uibandike kwa mlango wa friji ndio mama naye aione. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, kwa chumba kisichozidi nyuzi 25, yanakaa masaa manne. Kwa friji inayopoa sawasawa, siku nne, na yakae nyuma kabisa, si kwa mlango maana hapo kila mtu akitafuta blubandi hewa moto inaingia. Yaliyogandishwa ukiyatoa yayeyuke ndani ya friji, yatumike ndani ya masaa 24, na yakishayeyuka hayarudi kuganda tena. Yakishapashwa moto ama mtoto akishaanza kuyanywa, masaa mawili, yanayobaki mwaga bila huruma najua inauma. Weka kidogo kidogo, mililita 60 hadi 100 kwa chombo, uandike tarehe, ya zamani inatoka kwanza. Na usimimine maziwa moto moto kutoka kwa ziwa juu ya yaliyopoa, yapoze kwanza kwa friji ndio uyaunganishe.

Vyombo viwe vya glasi ama plastiki ngumu ya chakula yenye kifuniko. Kuna msomaji aliwahi niuliza kama anaweza funga kwa juala, hapana jamani, hiyo inapasuka na si ya chakula, na kwanza juala zilipigwa marufuku tangu 2017 unazitoa wapi? Kila kitu kioshwe na sabuni, kisuuzwe, halafu kichemshwe kwa sufuria dakika tano na kikauke chenyewe bila kupanguswa na ile taulo ya vyombo. Maji ya mtungi ama ya mfereji, chemsha yote sawa.

Tokeni zikiisha usiku usipanike na usifungue fungue friji kuangalia. Friji ikibaki imefungwa inashikilia baridi kama masaa manne. Yale ya barafu ukiyakuta bado yana chembe za barafu ndani hayajaharibika, yanaweza kurudi. Lakini wewe pia, mtoto ako na maziwa ndani ya hiyo friji, nunua tokeni mapema.

Sasa mama mkwe. Huyu mama hakukuonea, aliona kitu ambacho hajawahi kuona akamlinda mjukuu wake, na mtu wa hivyo ndiye unataka abaki na mtoto, sema tu anahitaji kuonyeshwa. Ametoka ushago, si ng'ombe amekamua? Muulize maziwa ya ng'ombe yakilala kwa sufuria asubuhi huwa yako na nini juu. Atakuambia mafuta. Basi ya mtu nayo ni hivyo hivyo, mafuta yanapanda juu yanakuwa ya manjano, chini panabaki pepesi kama maji ya mchele, na hakuna kitu kimeoza. Toa chupa moja mbele yake, iweke kwa bakuli la maji ya uvuguvugu, si kwa jiko na si kwa maikrowevu maana hiyo inachoma sehemu moja na ingine inabaki baridi, izungushe polepole, aone mafuta yakirudi ndani yakichanganyika. Mdondoshee tone kwa mkono asikie joto lake. Mpe aonje kama anataka. Mruhusu anuse pia, ajue yaliyoharibika kweli yananuka uchachu kama maziwa lala. Kuna wamama maziwa yao yakikaa kwa baridi yananusa kidogo kama sabuni, hiyo haina shida, mtoto akikubali mpe.

Ya kijicho na nyama, hapo usibishane. Tafuta kopo la plastiki lenye kifuniko, weka chupa zote ndani, peleka nyuma kabisa mbali na nyama mbichi. Mama ataridhika kwamba hakuna anayeyaona, na wewe umepata usafi uliotaka, kila mtu ako sawa.

Akisema ni mambo ya kizungu mwambie Hospitali ya Pumwani hapa hapa Nairobi iko na benki ya maziwa ya mama tangu 2019, wamama wanakamua, yanapimwa, yanapashwa moto kuua viini, yanapewa vichanga wagonjwa na waliozaliwa kabla ya wakati ambao mama zao hawana. Kama maziwa yakitoka mwilini yangekuwa yamekufa, hao wangekuwa wanapewa nini? Na ukienda kupima kilo nenda naye, umwache nesi aongee. Wamama wa umri wake nesi mwenye yunifomu wanamskia kuliko bibi ya kijana wao, ndivyo dunia ilivyo.

Lakini uji na maziwa ya ng'ombe ni hapana. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, tumbo la mtoto wa miezi mitatu halijawa tayari kwa uji, na maziwa ya ng'ombe yanamsumbua figo na yana madini ya chuma kidogo sana, kuongeza maji hakuyarekebishi, kunamnyima tu chakula. Na hili si la wewe kumwambia. Ni la bwana yako. Hiyo "muelewane" yake aikunje aiweke mfukoni, aketi na mamake jioni moja amwambie "mama, tumeamua mtoto asipewe kingine hadi miezi sita, tusaidie". Tumeamua, si bibi yangu amesema. Mama akisikia kutoka kwa mwanawe hataona kama amekosewa heshima na msichana wa watu.

Mfundishe kutumia kikombe badala ya chupa ya chuchu, kile kidogo cha kawaida. Kikombe unaosha ukaona kimetakata, chuchu ya plastiki ina kona za kuficha uchafu. Mtoto anakaa wima kiasi mapajani, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, maziwa yanafika tu kwa midomo halafu yeye mwenyewe anayalamba na kuyafyonza. Asimiminiwe mdomoni. Atamwaga kwa bibu, kawaida. Anzeni wiki hii mara moja kwa siku na wewe usiwe chumbani, toka hata ukae kwa ngazi, maana akikunusa atakataa kikombe kwa nini akinywe na wewe uko hapo.

Tuje kwa suparavaiza anayecheka. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, inamtaka kila mwajiri awe na mahali pa kunyonyeshea ama kukamulia, penye pa kunawa mikono, friji ama kitu cha kupoza, soketi ya pampu, meza ndogo na viti vya kukalika, na imesema wazi kwamba pasiwe ndani ya vyoo. Kifungu cha 72 kinakupa muda wa kukamua juu ya ule wa lanchi, usiozidi saa moja kwa kila masaa manane ya kazi. Saa moja ni dakika ishirini mara tatu, na ndiyo unahitaji hasa, saa nne asubuhi, saa saba, na saa kumi. Usikwepe hata moja, maana ziwa likiachwa limejaa mwili unaelewa maziwa hayatakiwi unayapunguza, na siku ukianza kuona yanapungua kuyarudisha ni kazi.

Najua sheria kwa karatasi na supamaketi ni vitu viwili, hawatakujengea chumba kesho. Wewe omba kitu wanachoweza kukupa leo, stoo yenye kufuli ama ofisi ya kuhesabia pesa ikiwa haina mtu, kiti kimoja, na mtu akushikie tili. Friji usiwasumbue nayo sana. Nunua kikapu kile cha kupoza, gandisha maji usiku kwa chupa mbili ndogo za soda, asubuhi chupa za barafu ndani na za maziwa katikati yake. Barafu ikibaki ngumu, maziwa yanakaa humo hadi masaa 24, yatafika Umoja salama. Kwa matatu kipakate, usikiweke chini karibu na injini huko kunachoma. Ukifika tu, friji.

Ya kopo si dhambi, siku ukikwama kabisa nunua, uchanganye vile kopo limesema bila kuongeza maji ili lidumu. Ila usianze nayo ukidhani utapumzika, ni pesa kila wiki, na kila mlo wa kopo ambao hukukamua ni maziwa yako yanapungua.

Na likizo, umeuliza kuhusu siku zako za mwaka? Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili na inasema hiyo haikupotezei likizo yako ya kawaida, ambayo si chini ya siku 21 za kazi kama umemaliza mwaka. Mwajiri akikubali unaweza kuziunganisha, hapo kijana anakaribia miezi minne kabla hujarudi kwa tili. Andika barua moja yenye mambo mawili, siku zako za mwaka na mahali pa kukamulia, utaje hivyo vifungu kwa upole, upeleke kwa meneja mwenyewe si kwa suparavaiza, wiki hii, usingoje asubuhi ya kurudi. Uombe wakupigie muhuri na ubaki na kopi.